Bobby Orr, beki aliyekataa kubaki nyuma: majibu ya maswali yenu

Wiki chache zilizopita nilimtaja Bobby Orr hapa kwa sentensi moja, nikasema ndiye beki bora kupata kutokea katika hoki ya barafuni. Maswali yakamiminika. Haya ndiyo yaliyojirudia zaidi.

Nimewahi kuona picha ya mchezaji wa hoki akiwa hewani kama anaogelea. Ndiye huyo?

Ndiye. Ni tarehe 10 Mei 1970, ukumbi wa Boston Garden, mechi ya nne ya fainali ya Kombe la Stanley (taji la NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini) kati ya Boston Bruins, timu ya Orr, na St. Louis Blues. Matokeo ni 3-3, muda wa nyongeza umeanza, na Boston hawajalibeba kombe hilo tangu 1941.

Wengi huishia kwenye picha. Mimi nakuomba urudi nyuma sekunde chache. St. Louis wanajaribu kukitoa kisahani eneo lao, kupitia ubao unaozunguka uwanja, upande wa kulia. (Kisahani ndicho kinachochezwa badala ya mpira: kipande cheusi cha mpira mgumu, bapa.) Beki yeyote mwenye busara hapo angerudi kulinda lango lake. Orr akakifuata mbele. Kingempita, wapinzani wangeondoka mbio na nyuma kusingekuwa na watu wa kutosha kuwazuia. Hakikumpita. Akampa mwenzake Derek Sanderson, akakata moja kwa moja kuelekea lango, akarudishiwa, akapiga katikati ya miguu ya kipa Glenn Hall. Sekunde 40 tu za nyongeza zilikuwa zimepita, na bao hilo likawapa Boston kombe.

Beki wa St. Louis, Noel Picard, akamnyanyua mguu kwa gongo, Orr akapaa. Mpiga picha Ray Lussier alikuwa amekaa upande ule ule, akabonyeza. Itazame picha: mikono imenyooka, mdomo uko wazi, anashangilia kombe na mwili bado haujagusa barafu.

Huku kwetu beki akipanda ovyo kocha anamtoa. Yeye aliachiwaje?

Kwa sababu alikuwa anarudi, na hilo ndilo jambo lisiloonekana kwenye picha. Zamani kazi ya beki ilikuwa kunyang'anya, kuwapa washambuliaji, kubaki. Wapo waliokuwa wameanza kuongoza mchezo kutoka nyuma, Doug Harvey wa Montreal akiwa mfano mzuri. Lakini Orr alichukua kisahani nyuma ya lango lake mwenyewe akaenda nacho mpaka lango la pili, na akinyang'anywa, alikuwa na mbio za kumfikia aliyemnyang'anya kabla hajaleta madhara.

Msimu wa 1969-70 alimaliza na pointi 120, yaani mabao na pasi za mabao kwa pamoja, akaongoza ligi nzima ya NHL. Hakuna beki aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Akarudia 1974-75 kwa pointi 135, mabao yakiwa 46. Mpaka leo hakuna beki mwingine aliyeongoza ligi kwa pointi.

Ila kama wewe ni beki, takwimu itakayokukaa moyoni ni nyingine. NHL huhesabu mabao ambayo timu imefunga mchezaji akiwa uwanjani, ikatoa yale iliyofungwa, bila kuhesabu yanayofungwa wakati mpinzani amepungukiwa mtu kwa adhabu. Msimu wa 1970-71 Orr alipata +124. Rekodi hiyo haijafikiwa. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema alikuwa mshambuliaji aliyepangwa nyuma, mpe hiyo.

Kuna mkanda mmoja ninaourudia mara kwa mara. Boston wamepungukiwa mtu, Orr anakizungusha kisahani peke yake ili muda wa adhabu uishe, wapinzani wanamfukuza. Glovu inamtoka. Anazunguka, anapita pale pale, anaiokota, na kisahani bado kiko kwenye gongo lake.

Alifundishwa na nani?

Na mto, kwanza. Alizaliwa tarehe 20 Machi 1948 huko Parry Sound, mji mdogo wa Ontario, Kanada, pale Mto Seguin unapoingia Georgian Bay. Majira ya baridi maji yakiganda, watoto wa mji mzima walicheza juu yake na kisahani kimoja. Ukikipoteza, hukioni tena mpaka uwapite wenzako wote. Boston walimwona kwenye mashindano ya watoto akiwa na miaka 12 au 13 hivi. Akiwa na miaka 14 alikuwa tayari anachezea Oshawa Generals dhidi ya vijana waliomzidi miaka minne au mitano. Mwaka 1966 akaingia NHL na miaka 18, akatwaa tuzo ya mchezaji chipukizi bora.

Kwa nini alistaafu mapema? Niliambiwa ni goti.

Ni goti la kushoto. Liliumia katika msimu wake wa kwanza kabisa, na halikupona tena. Lazima ukumbuke enzi zile: madaktari hawakuwa na kamera nyembamba za kupenyeza kwenye tundu dogo kama leo. Walilipasua goti na kuondoa gegedu iliyochanika. Gegedu ikiondoka, mfupa unasaga mfupa. Alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara kumi, na kila mara alirudi barafuni.

Ninachosikitikia ni kwamba hatukumwona kamwe akicheza akiwa mzima kweli kweli, isipokuwa ile miezi michache ya mwanzo. Tuzo nane mfululizo za beki bora, 1968 hadi 1975, zote alizichukua na goti bovu. Mwaka 1976, karibu hawezi kufanya mazoezi, aliichezea Kanada kwenye Canada Cup, mashindano ya timu za taifa, akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano.

Kaka, ni kweli wakala wake alimsaliti?

Ni kweli, na inauma. Alan Eagleson alikuwa wakala wake tangu mkataba wa kwanza, na Orr alimwamini kama ndugu. Mwaka 1976 Boston walikuwa tayari kumpa hisa za umiliki wa klabu ili abaki. Eagleson hakumfikishia ipasavyo habari hiyo, Orr akaamini Boston hawamtaki, akahamia Chicago. Huko alicheza mechi 26 tu. Akakataa mshahara wa muda ambao hakucheza. Baadaye akagundua mfuko wake uko karibu mtupu. Mwaka 1998 Eagleson alikiri makosa ya ulaghai mahakamani, akafungwa.

Orr naye akawa wakala. Ukitaka kujua alijifunza nini kutokana na yote haya, angalia kazi aliyoichagua.

Orr au Nicklas Lidström?

Lidström, beki Msweden, alikuwa na tuzo saba za beki bora na maisha marefu uwanjani. Ray Bourque ana pointi nyingi kuliko beki yeyote. Wote nawaheshimu. Kwa mechi moja ya kufa na kupona, namchukua Orr.

Niko Nairobi. Naanzia wapi?

Ulizia Ice Lions, timu ya hoki ya barafuni ya Kenya, waliojifunzia kwenye uwanja mdogo wa barafu wa Hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Mwaka 2018 walialikwa Kanada wakacheza pamoja na nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Wakati unatafuta barafu, anza na viatu vya magurudumu kwenye sakafu laini.

Aliagwa vizuri?

Alitangaza kustaafu Novemba 1978, miaka 30 tu, mechi 657 na pointi 915. Tarehe 9 Januari 1979 Boston waliipandisha jezi yake namba 4 kwenye dari la Boston Garden, heshima ya kwamba namba hiyo haitavaliwa tena. Kulikuwa na ratiba ya hotuba na salamu. Sehemu kubwa ikabidi iachwe, kwa sababu watu hawakuacha kupiga makofi.