Simama upande wa gitaa la kati

Mwaka 2013 nilipanda jukwaani kwenye harusi ya binamu yangu, ukumbi mmoja wa Kimara. Bendi ya zilipendwa ilikuwa imekodiwa, na mjomba, ambaye alishashusha tatu nne, akamfuata kiongozi wa bendi: "Huyu kijana wetu naye mpiga gitaa, mpe wimbo mmoja." Yule mzee hakubisha. Akamwomba mpiga solo wake, yule wa gitaa linaloongoza, anipishe, akaniambia wimbo uko kwenye C, tukaanza.

Nilikuwa na miaka minne ya kujifunza peke yangu chumbani, na siku hiyo niliimwaga yote. Mwimbaji akiimba, mimi napiga. Tarumbeta zikiingia, mimi napiga. Shangazi akaja kunituza, noti ya elfu tano akanibandika kwenye paji la uso lililokuwa limelowa jasho ikaganda. Nikashuka kifua mbele.

Wakati wa mapumziko nikamfuata mzee kumuuliza ameonaje. Hakusema kitu, alinishika mkono tu akanipeleka kwenye amplifaya niliyokuwa nimechomeka. Kitufe cha volyumu kilikuwa kwenye sifuri. Alikizungusha mwenyewe kabla beti ya pili haijaisha, na mimi nikaendelea kupiga wimbo mzima gitaa likiwa limezimwa. Sauti niliyodhani ni yangu ilikuwa ya yule wa solo ya pili, aliyesimama hatua mbili kutoka kwangu.

"Unapiga sana," akaniambia. "Sasa unasikiliza saa ngapi?"

Elfu tano ya shangazi sikuirudisha.

Nimeisimulia habari hii mara nyingi kwa vijana wanaoniuliza waanzie wapi, na wengi hucheka halafu wanarudi kwenye swali lao: gitaa gani ninunue, nijifunze skeli zipi. Mimi ni mhasibu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, muziki ni wa Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo siwezi kumfundisha mtu namna ya kuishi kwa gitaa. Ila namna ya kusikiliza nimejifunza kwa aibu, na hiyo naweza kuisema.

Ukienda kwenye dansi, usisimame mbele ya solo. Kila mpiga gitaa chipukizi husimama pale, simu juu, anarekodi vidole. Sogea upande wa pili, kwa yule anayepiga gitaa la kati, wengine huita rizimu. Mara nyingi ni mtu mzima, hatabasamu, hakuna anayemtuza, na mkono wake wa kushoto unaweza kukaa sehemu moja ya shingo ya gitaa dakika nne nzima. Msikilize huyo tu, usiku mzima. Wiki ijayo sikiliza besi. Inayofuata, tumba. Usijaribu kusikia vyote kwa mkupuo, hutasikia kitu.

Dansi letu limejengwa kwa namna ambayo solo ndiyo inayoonekana, lakini ukiiondoa wimbo bado unacheza. Ondoa gitaa la kati uone. Chukua bendi ya Mlimani Park, yaani Sikinde, ya tangu 1978: solo iko juu, solo ya pili inapita katikati ya mianya ya solo ya kwanza, gitaa la kati linashona chini, besi inajibizana na tumba, halafu saksafoni na tarumbeta zinakuja kama watu waliokuwa wanasubiri zamu barazani. Hakuna anayemkanyaga mwenzake. Mimi pale Kimara niliwakanyaga wote, na ndiyo maana nilizimwa.

Tena wakubwa wenyewe hawakung'ang'ania chombo kimoja. Michael Enoch alikuwa mpiga gitaa wa kutajwa kwenye bendi ya Dar es Salaam Jazz, lakini Mlimani Park alipuliza saksafoni. Mtu wa namna hiyo akisimama jukwaani anajua kila mwenzake anahitaji nafasi kiasi gani, kwa sababu ameshakaa upande wa pili.

Nyumbani zoezi langu ni hili. Weka wimbo mmoja wa zamani, ule wa taratibu unaoanza pole pole kisha unaingia kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ya kuchangamka. Usishike gitaa. Piga makofi matano: matatu yaliyoachana, kisha mawili ya karibu karibu, yarudie hadi wimbo uishe. Mapigo hayo yalikuja na santuri za Kuba zilizouzwa huku kwetu kabla ya uhuru, ndiyo maana Morogoro walikuwa na bendi iitwayo Cuban Marimba na hakuna aliyeshangaa jina. Ukiweza kuyashika makofi hayo bila kuyumba mpaka chemko iishe, ndipo uchukue gitaa. Mimi ilinichukua wiki tatu, na mke wangu aliniuliza kama kuna maombi yanaendelea.

Ukishachukua gitaa, acha kukwaruza nyuzi zote sita. Gitaa la kati mara nyingi ni nyuzi mbili au tatu kwa wakati mmoja, kodi, yaani zile sauti zinazopigwa pamoja, imevunjwa vipande, na kiganja cha kulia kinagusa nyuzi kidogo pale zinapoegemea daraja la gitaa ili sauti iwe fupi. C, F, G, unarudi F. Kitu kilekile. Shida iko hapo hapo, kwenye "kilekile". Dakika ya pili kidole kitataka kuongeza pambo. Kikatalie. Kwenye chemko ndiyo mbaya zaidi, maana solo anapanda, watu wanapiga vifijo, na wewe kazi yako ni kurudia kipande cha sekunde mbili kana kwamba hujaona kitu. Usiongeze kasi hata chembe. Nilijirekodi kwa simu mara ya kwanza nikadhani ni utani: wimbo uliishia mbali sana na kasi ulioanza nayo.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia. Nyimbo nyingi za zamani tunazosikia leo mtandaoni zilitoka kwenye kanda, na kanda haizunguki kwa kasi ileile kila mashine. Kwa hiyo unatyuni gitaa lako vizuri kabisa kwa programu ya simu, unaanza kufuata wimbo, na hakuna sauti inayokaa. Iko katikati ya E na F, wala si huku wala si kule. Mimi nilidhani gitaa limepinda, nikalipeleka kwa fundi, akanitoza, akanirudishia vilevile. Sikio langu lilikuwa sahihi na gitaa lilikuwa sahihi, kanda ndiyo iliyolegea. Tyuni gitaa lifuate rekodi, ukimaliza zoezi lirudishe. Fanya hivyo mara nyingi, ni mafunzo ya sikio ya bure.

Kuhusu vifaa sina mengi. Nunua kilichotumika, jaribu kila kifungo, beba rafiki anayejua. Joto la Dar na chumvi ya hewa vinakula nyuzi, kwa hiyo zifute kwa kitambaa kikavu kila umalizapo, hata ukiwa umechoka. Mimi natumia kipande cha kanga kilichochakaa.

Masikio ndiyo nataka tukae kidogo. Mwaka 2017 nilitoka kwenye onyesho moja nikiwa nimesimama mbele ya spika usiku kucha, nikalala, nikaamka na mlio kama wa mbu ambaye haondoki. Ulikaa siku nne. Siku ya tatu niliogopa kwelikweli. Wataalamu wa usalama kazini huweka mpaka wa desibeli 85, kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo unakatwa nusu. Piga hesabu, mimi ndiyo kazi yangu: ukifika desibeli 100 umebakiwa na dakika 15. Kumbi zetu zinafika huko kirahisi, na dansi halimaliziki kwa dakika 15. Nunua vizibo vya masikio, vile vya sponji vya dukani vinatosha kuanzia. Ukiona haya kuvivaa, kumbuka kwamba ukumbini ni giza. Na hata bila vizibo, sogea pembeni, usikae kwenye mstari wa spika. Kwa bahati, pembeni ndiko aliko mpiga gitaa la kati.

Nenda mapema. Nasema mapema ya kukuta viti bado vimepandana. Hapo ndipo utamwona fundi mitambo akihangaika na nyaya, bendi ikijaribu vyombo kimoja kimoja, na saa hiyo unasikia gitaa la kati likiwa peke yake, uchi, jambo ambalo hutalipata tena usiku huo. Ukiona mtu anashusha spika garini, shika upande mmoja. Usijitambulishe kama mpiga gitaa. Salimia, shikamoo kwa wakubwa, beba. Mara ya tatu watakuuliza wenyewe unafanya nini maishani, na hapo ndipo unasema. Kupandishwa jukwaani na mjomba aliyelewa ni njia ya mkato, nimeshakuonyesha inakoishia.

Halafu tafuta wenzako. Sisi tuko wanne: mwalimu wa sekondari kwenye besi, dada mmoja muuguzi anayeimba, kijana wa duka la vifaa vya umeme kwenye tumba, na mimi. Tunakutana Jumapili saa tisa alasiri, uani kwa mwalimu, Tabata. Majirani walitulalamikia mwanzoni, tukapunguza sauti, na hapo tukaanza kusikiana. Tumepiga kwenye harusi sita na maulidi hatujaalikwa hata mara moja, kwa sababu zinazoeleweka. Hela tukipata tunanunua nyuzi na nauli, zikibaki tunakula chipsi. Kwa mkeo au mumeo sema ukweli kuhusu saa ya kurudi. Ukisema saa sita nawe unajua bendi inaanza chemko saa saba, hilo ni kosa lako, usimsingizie muziki.

Yule mzee wa Kimara nilikuja kumkuta tena miaka mitano baadaye, harusi nyingine. Sikumkumbusha chochote. Nilibeba spika mbili, nikakaa upande wangu wa kawaida. Karibu na saa nane usiku mpiga gitaa la kati alitaka kwenda msalani, akaangaza huku na huku, akanivulia mkanda wa gitaa. C, F, G, F. Nilipiga wimbo mmoja na nusu. Katikati ya chemko mzee alisogea hadi kwenye amplifaya yangu, akainama, mkono kwenye kitufe, nami nikaacha kupumua. Akaongeza kidogo, akarudi mahali pake.