Barua kwa mwanangu: habari ya chupa ya sabuni

Mwanangu Neema,

Marahaba. Unauliza uache wodi ukasomee utafiti, au ubaki na wagonjwa kama anavyotaka baba yako. Nimeanza kukujibu mara mbili, na zote mbili nimejikuta naandika habari ya chupa ya sabuni.

Unaukumbuka mwaka ule mliokuwa mnalala kwa mama mdogo. Wodini kwetu walikufa watoto wachanga wanne ndani ya siku tisa. Tuliwaanzishia ampisilini na jentamisini kama mwongozo unavyosema, tukapanda hadi seftriaksoni. Hawakunyonya tena. Nikaotesha damu yao kwenye sahani za maabara nione kimelea. Nilipoinua sahani dirishani, bakteria aitwaye Klebsiella alikuwa ameota hadi kugusa vile vidonge vya karatasi vyenye dawa; hakuna hata kimoja kilichozungukwa na duara safi, yaani hakuna dawa kati ya hizo iliyomzuia.

Nikapima vitanda, mashine ya kufyonza, mikono yetu. Nikamkuta bakteria huyo kwenye sabuni ya maji pale sinki, iliyokuwa ikiongezwa maji ili ifike mwisho wa mwezi. Na mimi ndiye niliyekuwa nanawa kuliko wote.

Nimewaambia tangu mkiwa shule ya msingi: mikono kwanza, dawa baadaye. Nasema tena. Daktari Semmelweis aliliona hilo Vienna mwaka 1847, kwamba madaktari wenyewe ndio waliokuwa wakiwapelekea wanawake wanaojifungua ugonjwa kutoka chumba cha maiti. Nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi habari zake huku chupa ile iko nyuma yangu.

Mkubwa wangu kazini alisema nisiandike ripoti ya sabuni, tutawatisha akina mama waende kujifungulia nyumbani. Labda alikuwa na haki. Hapana, hakuwa nayo. Nilinyamaza miezi mitano, na katika miezi hiyo kuna daktari mahali fulani ambaye angeigeukia chupa yake. Nikisoma kwamba mwaka 2019 bakteria sugu kwa dawa waliua watu wapatao milioni 1.27 duniani, narudi kwenye miezi mitano ile.

Sasa, wodi au maabara? Ningekuwa maabara tu, nisingeiona chupa. Ningekuwa wodini tu, ningeandika meropenemu, dawa ya bei ghali, na baba wa mtoto angeuza shamba. Nilikuwa nimeshaandika neno moja hapa, nimelifuta. Uamuzi ni wako, ingawa unanijua.

Ukija Pasaka nitakupa daftari la mwaka ule. Lisome chumbani kwako. Baba yako hajui habari ya sabuni.

Mama