Jinsi ya kuthibitisha ukatili wa mume katika mahakama ya jinai India

Pole sana, dada. Nimekuelewa: mdogo wako aliyeolewa Pune alikuwa akipigwa na kudaiwa dhahabu zaidi, sasa amekimbilia kwa shangazi yenu Ahmedabad, na wakwe wanadai hana ushahidi.

Matendo ya kuanzia Julai 1, 2024 hushtakiwa chini ya vifungu vya 85 na 86 vya Bharatiya Nyaya Sanhita, sheria mpya ya makosa ya jinai ya India. Ya kabla ya hapo yanabaki kwenye kifungu cha 498A cha sheria ya zamani ya makosa ya jinai (Indian Penal Code). Ni lazima ithibitishwe, pasipo shaka ya msingi, ama mwenendo wa makusudi unaoweza kumsukuma mke kujiua au kumdhuru vibaya mwili au akili, ama usumbufu wa kumshinikiza atoe mali.

Kesi nyingi huangushwa na maelezo ya jumla kwamba "wote walinitesa", na Mahakama ya Juu imekwisha kufuta mashtaka ya namna hiyo. Aandike nani alifanya nini, lini na wapi, na asimtaje wifi ambaye hakuhusika hata kama anamchukia. Atafute cheti cha daktari aliyemtibu, pamoja na ndugu au jirani aliyeelezwa mapema, kabla ugomvi haujafika polisi. Jumbe za WhatsApp asizifute. Aitunze simu yenyewe, kwa sababu nakala za ushahidi wa kielektroniki huhitaji hati maalumu ya uthibitisho, ambayo wengi huisahau.

Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2019 anaweza kushtaki hukohuko Ahmedabad, ila asichelewe, kwani kuna ukomo wa miaka 3. Wakili wa jinai aipitie taarifa kabla haijawasilishwa. Akitishwa tena, aombe amri ya ulinzi chini ya sheria ya mwaka 2005 ya ukatili wa majumbani.