Maswali ya Wasomaji: Kilo Sita Zimo Kwenye Dumu la Mafuta

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja: mtu atapunguzaje kilo chache, nne mpaka kumi, bila kujitesa? Tumechagua tano. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu kosa lililomo ni la nyumba nyingi.

Swali: Shikamooni. Mimi ni fundi cherehani wa Morogoro, nina miaka 34, urefu sentimita 162, uzito kilo 78. Niliacha ugali na wali kabisa kwa wiki tatu, nikapungua kilo 3. Nilipoanza kula tena, wiki moja tu kilo zote zikarudi. Je, ugali ndio unaoninenepesha? Chai nakunywa vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, na asubuhi nakula maandazi mawili. Nyumbani tuko wanne na ninapika mwenyewe. Nataka nifike 72.

Jibu: Marahaba, dada. Ugali unausingizia. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na gramu kama 3 za maji. Ukiacha wanga ghafla, akiba inaliwa, maji yanatoka kwa mkojo, mizani inashuka nawe unashangilia. Ukirudi kwenye ugali, akiba inajazwa na maji yanarudi. Kurudisha kilo 3 za mafuta halisi kwa wiki moja ungelazimika kula ziada ya kalori 23,000 hivi juu ya mahitaji yako, na hukufanya hivyo. Kilichokwenda na kurudi kilikuwa maji kwa sehemu kubwa.

Sasa tuhesabu vile ambavyo hukuvihesabu. Hukutuambia lita moja ya mafuta ya kupikia inakaa siku ngapi jikoni kwako, na hilo ndilo tulilotaka kulijua kuliko yote. Tuseme inaisha siku ya tano. Mililita 1,000 kwa siku tano ni 200 kwa siku, na kwa watu wanne ni 50 kila mmoja. Mililita 50 za mafuta zina kalori zaidi ya 400, karibu sawa na sahani ndogo ya wali, na zimeingia tumboni bila wewe kuziona wala kukushibisha. Haijalishi ni ya alizeti, mawese au nazi. Kwa kalori, mafuta yote ni ndugu.

Lengo lako liwe mililita 20 kwa mtu kwa siku, yaani kijiko kikubwa cha mezani kimoja na kidogo juu yake. Kwa watu wanne, lita moja itafika siku ya kumi na mbili. Siku unapofungua dumu, andika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Likiisha kabla ya wakati, huna haja ya kuuliza kwa nini mizani haishuki. Na usimimine tena kutoka kwenye dumu moja kwa moja, kwa sababu mkono wa mpishi aliyezoea haujui kipimo. Weka kijiko cha mililita 15 pembeni ya jiko, kiwe cha mafuta tu.

Namna ya kupika: sufuria ya mboga ya watu wanne weka vijiko viwili vya mezani. Vikipata moto tia kitunguu na chumvi kidogo, punguza moto, funika. Chumvi hutoa maji ya kitunguu, nacho kitaiva kwenye maji yake chenyewe. Kikianza kushika, ongeza kijiko cha maji badala ya mafuta. Kitunguu kikiwa cha dhahabu, tia nyanya zilizokunwa na ufunike mpaka ziwe rojo. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wamefundishwa kwamba mchuzi haujaiva mpaka mafuta yaelee juu. Yanaelea kwa sababu yamezidi. Nyanya imeiva inapoacha harufu ya ubichi na rojo linapokuwa zito.

Kosa la pili ni la upande wa pili. Mtu anaamua kupika kila kitu chukuchuku. Siku ya tatu watoto hawali, mume ananuna, na siku ya nne dumu linarudi kwa kishindo. Vijiko viwili vinatosha kuleta ladha, kwa hiyo visiondoke.

Kuhusu sukari, vikombe vinne kwa vijiko vitatu ni vijiko 12, kama gramu 50 mpaka 60 kwa siku. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongeza iwe chini ya asilimia 10 ya kalori za siku, na ikiwezekana chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Punguza nusu kijiko kwa kikombe kila baada ya siku nne mpaka ufike kijiko kimoja. Ukikata mara moja utaona chai haina maana. Ukishuka taratibu, ulimi unazoea kabla hujajua. Tangawizi na iliki zinasaidia sana kipindi hicho.

Maandazi mawili yafanye moja, na mahali pa lile la pili weka yai la kuchemsha au kipande cha kiazi kitamu, usije ukaanza kutafuta vitafunio saa nne asubuhi.

Jumlisha: mafuta yamepungua kalori kama 250, sukari kama 150, andazi baada ya kuhesabu yai kama 100. Ni karibu 500 kwa siku, na ugali wako hatujaugusa. Upungufu wa namna hiyo huleta takriban nusu kilo kwa wiki mwanzoni, halafu mwendo unapungua kadiri mwili unavyokuwa mdogo, maana mwili mdogo unakula nishati kidogo. Kilo sita ni kazi ya miezi mitatu au minne.

Sahani yenyewe: nusu mboga za majani, robo ugali au wali (ugali uwe ukubwa wa ngumi yako), robo maharage, dagaa, samaki au kuku. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu makapi yake hushibisha na kusaidia choo, lakini kalori zake hazipishani sana. Bonge la dona ni bonge tu.

Pima uzito mara moja kwa wiki, asubuhi baada ya choo na kabla ya chai, kwenye mizani ileile. Karibu na siku zako za hedhi mwili hushika maji na unaweza kupanda kilo moja au zaidi. Usihukumu wiki hiyo.

Swali: Mimi ni dereva wa lori, Dar es Salaam kwenda Tunduma. Nina miaka 45, kilo 97, kiuno sentimita 108. Presha imeanza kupanda na daktari amesema nipungue. Muda wa mazoezi sina, na magoti yanauma. Usiku mara nyingi nakula chips mayai na soda.

Jibu: Kaka, kipimo cha kiuno ulichotuma ndicho kinachotushughulisha zaidi ya zile kilo 97. Kwa mwanamume, kuanzia sentimita 94 hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo huanza kupanda, na ukipita 102 inapanda sana. Hakikisha unapima vizuri: utepe upite katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, si pale unapofunga mkanda chini ya kitambi, na usome baada ya kutoa pumzi.

Anza na soda. Chupa ya nusu lita ina sukari ya gramu 50 hivi. Ukiiacha kila siku umeondoa kalori kama 200 bila kutoa jasho. Vinywaji vya kuongeza nguvu vya madereva navyo mara nyingi vimejaa sukari vilevile, na kafeini yake huharibu usingizi unaouhitaji. Chips mayai ni viazi vilivyozama kwenye mafuta, kisha vikakaangwa tena pamoja na mayai. Ukisimama Mikumi au Makambako, agiza ugali nusu, samaki au nyama ya kuchoma, na mboga mara mbili. Mama ntilie hakatai ukimwambia mapema. Ndani ya kabini weka maji, ndizi mbivu, mayai ya kuchemsha. Karanga ni nzuri, ila ziwe konzi moja. Mfuko mzima ukiwa kwenye usukani utaumaliza bila kujua.

Mazoezi yako ni vituo vyako. Wiki ya kwanza tembea dakika 10 mara mbili kwa siku, kwenye sehemu tambarare, ukilizunguka lori au eneo la maegesho. Kila wiki ongeza dakika 5 kwa siku. Unachotafuta ni angalau dakika 150 kwa wiki. Mwendo uwe wa kiasi hiki: unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Kama unaimba, kaza mwendo. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Usikimbie kwa sasa. Kutembea tambarare ni rafiki wa goti, na kila kilo moja utakayopunguza huliondolea goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua.

Siku mbili kwa wiki ongeza misuli. Kaa kwenye kiti kigumu, simama bila kushika, kaa taratibu: mara 10, pumzika, rudia mizunguko mitatu. Kisha weka viganja kwenye ubavu wa gari, rudi hatua moja nyuma, sukuma mwili: mara 10, mizunguko mitatu. Goti likiuma kwa makali, tafuta kiti kirefu zaidi. Dawa za presha usiache hata ukiona namba zinashuka, mpaka daktari aseme.

Jambo moja hukuliuliza. Je, unakoroma sana, na kuna mtu amekuona ukikata pumzi usingizini? Mchana unasinzia hata ukiwa umelala saa za kutosha? Watu wenye kiuno kinene hupata tatizo la njia ya hewa kuziba usiku, na kwa dereva hilo ni hatari kubwa. Mwambie daktari wako wiki hii, wala usisubiri upungue kwanza.

Swali: Assalaam alaykum. Niko Unguja. Kila Ramadhani nafunga mwezi mzima, lakini siku ya Idi nguo zinanibana. Inakuwaje?

Jibu: Waalaykum salaam, dada. Ni kwa sababu ya meza ya futari. Muhogo wa nazi, tambi za sukari, sambusa, viazi vya nyama na kaimati zilizolowa shira, vyote kwa mkupuo mmoja, halafu daku juu yake. Fungua kwa tende tatu na maji, ukasali Magharibi. Dakika hizo zinaupa mwili nafasi ya kuona kwamba umepata chakula. Ukirudi, anza na uji usio na sukari nyingi au supu, kisha chagua kimoja tu cha nazi na kimoja tu cha kukaanga kwa siku. Leo muhogo, kesho maharage. Kwenye kupika, tui la kwanza lililo zito changanya na la pili, badala ya kulitia lote peke yake. Juisi ya ukwaju kunywa glasi moja. Kaimati ziachie wikiendi, na chuja shira. Daku usiliache, ila liwe la kukaa tumboni: mayai, maharage, mtindi, kiazi kitamu, maji ya kutosha. Baada ya Tarawehe, rudi nyumbani kwa miguu kwa njia ndefu.

Swali: Mkanda wa kubana tumbo na chai ya kukata mafuta vinafaa? Ndimu na maji ya moto je?

Jibu: Mkanda unabana, hauyeyushi. Hakuna zoezi wala kifaa kinachochagua mafuta ya tumbo peke yake. Chai nyingi za kukonda zina sena, ambayo ni dawa inayomfanya mtu aharishe. Unapoteza maji na madini ya potasiamu, huku mafuta yakibaki palepale. Ukitumia vidonge vya uzazi wa mpango, kuharisha sana kunaweza kuvizuia visifanye kazi. Ndimu haina neno, ila haikati mafuta.

Swali: Mama yangu ana miaka 58, anatumia glibenklamidi kwa kisukari. Naye ameanza kupunguza chakula na kutembea. Tuangalie nini?

Jibu: Mmefanya vema kuuliza mapema. Dawa hiyo, sawa na insulini, hushusha sukari hata kama mgonjwa hajala. Chakula kikipungua na mwendo ukiongezeka, dozi ya zamani inaweza kuwa kubwa mno. Nendeni kliniki kabla ya kubadilisha mlo zaidi, dozi ipangwe upya. Asitembee akiwa na njaa, na asiruke mlo baada ya kumeza dawa. Mfukoni awe na sukari iliyofungwa kwenye karatasi. Akitetemeka, akitoka jasho jembamba, moyo ukienda mbio au akianza kuchanganyikiwa, apewe mara moja gramu 15 za sukari, vijiko vya chai vitatu au vinne, kwenye maji. Pima sukari ya damu baada ya dakika 15, na kama bado iko chini apewe tena, kisha ale chakula. Akiwa hajitambui msimtie chochote mdomoni. Mlazeni ubavu na mkimbize hospitali.