Mwanangu, macho yako yametangulia masikio

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata. Unasema Kifaransa unakisoma bila taabu, lakini wenyewe wakianza kuongea unasikia mvumo tu, na unauliza kama kusikiliza redio saa tatu kila siku kutakuzibua masikio.

Hakutakuzibua. Saa tatu za mvumo zitakuzoesha mvumo. Masikio yako ni mazima. Maneno hayo umeyajua kwa sura, hujayajua kwa sauti. Na Kiswahili kimetudekeza. Huandikwa kinavyotamkwa, na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi sikio linajua neno limeishia wapi. Katika Kifaransa mkazo huangukia mwisho wa kundi zima la maneno. Herufi nyingi za mwisho hazitamkwi, kisha baadhi yake hufufuka neno linalofuata likianza na irabu: "les" peke yake ni "le", ila "les amis", marafiki, husikika "lezami". Wewe unamsubiri "amis", anapita "zami" asiyekuwamo katika kamusi yoyote. Wakiongea kwa kawaida yao, "je ne sais pas" (sijui) hubaki "shepa", "il y a" (kuna) hubaki "ya", "tu as" (una) hubaki "ta".

Kwa hiyo chukua kidogo ukichimbe. Tafuta sauti ya mtu anayezungumza, yenye maandishi yake kamili, ambayo ukiyasoma hukutani na maneno mageni zaidi ya matano katika kila mia. Yakizidi hapo utakuwa unajifunza msamiati badala ya kusikia. Kata kipande cha sekunde 30 hadi 60. Kisikilize mara mbili mikono mitupu, ukitafuta tu nani anasema nini. Halafu jiandikie imla, sentensi moja moja, ukirudisha nyuma mara nne au tano, basi. Usiposikia, acha pengo au andika sauti kwa tahajia ya Kiswahili, "shepa" hivyo hivyo. Usibuni, maana ukibuni hutajua ulikosea wapi. Ndipo ufungue maandishi na kusahihisha.

Wengi husahihisha, wakahesabu makosa, wakafunga daftari. Hapo wameacha somo lenyewe. Kila kosa litafutie sababu yake, kwa sababu dawa hazifanani. Kama neno hukulijua kabisa, liingize kwenye orodha na uendelee. Kama ulilijua lakini limeungana na jirani yake au limemezwa, rudia vile vipande vya maneno matatu manne mara kumi, macho yakiwa kwenye maandishi, mpaka "zami" isikike kuwa "amis".

Kosa la kuchanganya sauti mbili ndilo linalotutesa zaidi sisi wenye irabu tano. "Dessus" ni juu, "dessous" ni chini, na sikio letu husikia "desu" zote mbili. "Deux heures" ni saa nane, "douze heures" ni saa sita. Ukizichanganya utamkosa mtu kwa saa mbili kamili. Redio haitibu hili hata ukeshe nayo. Kusanya rekodi za jozi kama hizo zikisomwa na watu tofauti, wake kwa waume, zichanganye, andika ulichosikia, tazama jibu papo hapo. Dakika tano kila siku zinatosha. Na jifunze kuitamka sauti yenyewe: kwa irabu ya "tu", ndiyo ile ya "dessus", sema "i", ulimi ubaki pale pale, kisha viringisha midomo. Sauti unayoweza kuitoa ni rahisi zaidi kuikamata.

Kuna pia siku utaandika kila neno sawasawa na bado maana ichelewe kufika. Hapo kinachokosekana ni mazoea, na sasa redio yako ina kazi, mradi iwe nyepesi: mzungumzaji mmoja, mada moja, siku kadhaa mfululizo, ili maneno yale yale yarudi. Nusu saa kwa siku inafaa.

Tarakimu zipe imla yake, ishirini kwa siku. 96 husemwa "quatre-vingt-seize", yaani ishirini nne na kumi na sita. Anayeandika 4 mara tu asikiapo "quatre" amekwisha potea, kalamu ingoje.

Kupunguza kasi si dhambi, ila usishuke chini ya robo tatu ya kasi ya kawaida, sauti huanza kuvutika isivyo. Tumia mwendo huo kuchunguza tu, na kabla hujaondoka kwenye kipande kisikie kwa kasi yake. Manukuu ya filamu kwa Kiswahili yatakufanya msomaji. Ya Kifaransa ni afadhali, baada ya kutazama mara moja bila hayo. Lakini usiyatumie kusahihishia imla, maana mara nyingi hufupishwa, na yanayoandikwa na mashine hukosea.

Mwisho wa kila kipande, sema pamoja na msemaji, ukimfuata kwa nyuma kama kivuli, mara tatu. Baada ya wiki kirudie bila maandishi uone kilichobaki.

Na ukiwa mbele ya mtu, usiseme "rudia" tupu, atarudia sentensi nzima kwa kasi ile ile. Rudisha ulichokipata, uliza kilichopotea. Kwa miadi ya "deux heures" au "douze heures", muulize "midi ou quatorze heures?", adhuhuri au saa kumi na nne, yaani saa nane yetu ya mchana? Maneno hayo mawili hayafanani hata kwa masikio yetu.

Nitumie imla yako ya kwanza, pamoja na mapengo yake.

Mama yako