Simu ya zamu ilie kwa ajili ya nini?

Wengi mnaokuja field hapa Mbeya mnauliza kwanza namna ya kuweka Prometheus, inayopima hali ya mashine, na Alertmanager, inayowatumia watu tahadhari zake. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Ni programu huria, za bure, na tangu Prometheus ianzie SoundCloud kule Berlin mwaka 2012, maelezo yake yameandikwa mpaka basi. Kinachowashinda watu ni kuamua kipi kimwamshe mtu usiku na kipi kingoje kuche.

Mkiachiwa wenyewe, mtaweka tahadhari kwa kila kinachopimika. Prosesa kufika asilimia 80 saa nane usiku, wakati nakala za akiba zinatengenezwa, si hitilafu. Ni mashine inafanya kazi yake. Mtu akishaamshwa bure mara kadhaa, anaanza kuzima sauti. Kwa hiyo kabla hujaandika kanuni ya kuwasha tahadhari, jiulize aliyeamshwa atafanya nini. Kama atatazama tu na kurudi kulala, tuma barua pepe.

Chukueni diski. Ya terabaiti 4 ikijaa asilimia 90 bado ina gigabaiti 400. Ya gigabaiti 20 imebakiwa na 2. Asilimia peke yake haisemi kitu. Tumieni predict_linear, hesabu iliyomo ndani ya Prometheus, ambayo hutazama mwendo wa saa zilizopita na kukadiria kama nafasi itaisha, tuseme, ndani ya saa 4. Hapo mwamsheni mtu, mimi sina neno.

Masika mawasiliano ya kwenda tawi la Tukuyu yanaweza kupotea dakika moja yakarudi yenyewe. Kwenye kanuni andikeni "for: 5m", ili hali hiyo idumu dakika 5 mfululizo kabla tahadhari haijatumwa. Ila msiwe wakarimu mno: dakika 15 kwa seva ya malipo ni foleni nzima dirishani.

Sasa umeme ukikatika tawi la Makambako. Ruta, kifaa kinachounganisha tawi na mtandao, inazima, na vyote vilivyo nyuma yake vinaonekana vimekufa. Bila mpangilio, simu itapokea meseji kwa kila kifaa. Pangeni tahadhari za kila tawi ziende pamoja. Kwa kawaida Alertmanager husubiri sekunde 30 ikizikusanya. Kisha wekeni inhibit_rules, tahadhari ya ruta inyamazishe za vifaa vilivyo nyuma yake. Hapa kuna mtego: lazima useme kwenye "equal" kwamba lebo ya tawi, yaani jina la tawi lililobandikwa kwenye tahadhari, ifanane, la sivyo ruta ya Makambako itanyamazisha na Iringa. Na lebo hiyo ikikosekana pande zote mbili, Alertmanager huhesabu kuwa zinafanana. Kagueni lebo zenu, hata kama inachosha.

Mkinyamazisha kwa ajili ya matengenezo, andikeni sababu na muda mfupi. Mengine mtayasoma.

Kubwa lililobaki ni kwamba Prometheus ikizimika, inazimika kimya, na ukimya huo unafanana kabisa na usiku mwema. Tengenezeni tahadhari inayowaka daima, kanuni yake ni vector(1), iwe inatumwa kwenye mashine nyingine isiyotegemea umeme wala intaneti ya jengo lenu. Mashine hiyo ndiyo ipige kelele pale ujumbe usipofika. Msisahau kupunguza repeat_interval, muda wa kurudia kutuma, ya tahadhari hiyo: ikiachwa ilivyo ni saa 4, na kelele haiwezi kupigwa kabla muda huo haujapita tangu ujumbe wa mwisho.