Bibi, ni mimi niliyemletea mwanangu maradhi?

SWALI

Asalaam aleikum Bibi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Jambiani. Nalima mwani tangu usichana wangu, mama yangu ndiye aliyenifundisha. Miaka mitatu sasa nafanya pia usafi katika nyumba moja ya wageni ambako watu huja kufanya yoga, na hapo ndipo nilipomjua mwalimu wangu. Ni mama wa makamo kutoka Marekani. Kiswahili chake cha kubabaisha lakini tunaelewana, na tangu siku ya kwanza hajaniona mtumishi. Alinifundisha kukaa kimya alfajiri, kuvuta pumzi, kisha kuandika kwenye daftari ninachokitaka kana kwamba nimeshakipata. Anasema dunia unayoishi unaitengeneza mwenyewe kwa mawazo yako, na hakuna linalokufika ila umeliita.

Bibi, nimefaidika. Nilikuwa mtu wa kuogopa hata kuomba chumvi kwa jirani. Niliandika "mshahara wangu umeongezeka" siku arubaini, ya arubaini na moja nikaenda kwa bosi nikasema, na akaniongeza. Nikaamini.

Kiangazi hiki mwani wangu umekuwa mweupe, ukakatika, nimebaki na kamba na vigingi. Na mwanangu wa pili, ana miaka mitatu, amepimwa akaonekana ana sikoseli. Nilipomwambia mwalimu alinishika mkono, akalia pamoja nami, kisha akaniuliza: "Ulikuwa na wazo gani ulipokuwa na mimba yake?" Tangu siku hiyo silali, naandika tu kwenye daftari "mwanangu ni mzima". Nilipoipata mimba ile nilikuwa nimegombana na baba yake, na nilisema kwa mdomo wangu kwamba siitaki. Mama anasema yote haya ni shirki, nilichome moto daftari. Bibi, ni mimi niliyemletea mwanangu maradhi?

Mama wa Jambiani

JIBU

Waaleikum salaam mwanangu.

Siye wewe. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo linalokunyima usingizi, na barua yako nimeisoma mara tatu usiku nikitamani Jambiani ingekuwa mlango wa pili.

Sikoseli ni maradhi ya damu, na mtoto huyarithi. Ili augue lazima apokee urithi huo kwa baba na kwa mama, wote wawili, na mara nyingi wazazi hao wenyewe ni wazima kabisa, hawajui kama wanao. Wazazi wa namna hiyo wakipata mimba, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumtoa mtoto mgonjwa. Mkubwa wako alipita, mdogo akaangukiwa. Jambo hilo lilikwisha siku mimba ilipotunga, kabla hujajua kuwa unayo, kabla hujafungua mdomo. Lile neno "siitaki" ulilisema wakati damu ya mtoto ilikwisha andikiwa.

Na sikiliza hili, kwa sababu nadhani hujaambiwa. Urithi huu umejaa katika pwani yetu kwa sababu ya malaria. Mwenye kuupokea kwa mzazi mmoja tu haugui sikoseli, na hupata kinga dhidi ya malaria kali. Maana yake, mabibi na mababu zetu waliokuwa nao waliokoka utotoni pale wenzao walipokufa, wakaishi, wakazaa, tukafika mimi na wewe. Kilichomuumiza mwanao ni kile kile kilichowavusha waliokuzaa. Hapo iko wapi dhambi ya kuwaza?

Sasa nikwambie la kwangu. Mimi ni mtu wa Wete, Pemba. Mwaka 1983 nilijifungua mtoto wa kiume, akaishi siku tisa. Mimba yake niliibeba kwa hofu, maana dada yangu alikuwa amefiwa na wake mwaka uliotangulia, na mimi kila usiku nilikuwa naiona sanda. Baada ya arubaini, mtu mzima mmoja niliyemheshimu sana akaniambia: "Ulichokiogopa ndicho ulichokiita." Hakuwa Mmarekani, wala yoga hakuijua. Neno lile nililibeba miaka miwili. Nilikuwa nasomesha skuli mchana, nikirudi nyumbani nafunga mlango.

Aliyenitoa humo ni mwalimu wangu wa chuo, mama mtu mzima aliyetusomesha Qur'ani toka tuna miaka sita na ambaye mpaka anakufa nilikuwa nikimwendea kwa kila zito. Siku hiyo ulikuwa msimu wa karafuu. Uani kwake majamvi manne yameanikwa, siku ya tatu hiyo, karafuu zimeshaanza kuiva rangi ya kahawia, ukivunja moja kwa kucha inalia. Vidole vyetu sote wawili vimefanya weusi kwa kuchambua. Tangu asubuhi nilikuwa nikitazama juu nikisema, Bi Mwalimu mimi naogopa mvua, leo itanyesha. Huku na huku nikamwambia lile lililonikaa moyoni. Hakunijibu. Akaendelea kutenga makonyo kwenye ungo. Mara wingu likafunga, tone la kwanza likaanguka kwenye jamvi, tukanyanyuka mbio. Mimi nilikunja mawili, yeye moja na nusu, nusu ya jamvi la mwisho ikaroa.

Tukakaa barazani tumelowa. Akaniuliza: "Tangu asubuhi unasema unaogopa mvua. Mvua hii umeileta wewe?"

Nikasema la.

"Na majamvi kayakunja nani?"

Nikalia siku ile mpaka alasiri, na yeye akaniacha nilie.

Mwanangu, simchukii mwalimu wako. Mtu aliyekufundisha kukaa kimya alfajiri na kusema unachokitaka amekupa kitu, na umesema mwenyewe kuwa umefaidika. Lakini mtazame vizuri mshahara wako. Uliandika siku arubaini, halafu ukaenda ukasema. Bosi hakusoma daftari. Kilichobadilika ni wewe: hofu ilikutoka, mdomo ukafunguka, miguu ikakufikisha mlangoni kwake. Hayo yote yalikuwa mikononi mwako. Wazee wetu walisema nia njema ni tabibu, na aya ya 11 ya Suratur-Raad inatuambia kuwa Mwenyezi Mungu habadilishi hali ya watu mpaka wao wabadilishe yaliyomo nafsini mwao. Hilo la kubadilisha yaliyomo nafsini tunalo, tumelisoma chuoni, halikuja na ndege.

Ni vyema pia ujue somo la mwalimu wako limetoka wapi, maana halikuanza kwake. Marekani, katika karne ya 19, alikuwako fundi saa wa jimbo la Maine akiitwa Phineas Quimby, aliyefariki mwaka 1866. Alitibu watu akishikilia kwamba maradhi mzizi wake ni imani potofu ya mgonjwa, na wako waliopona mikononi mwake, wakaeneza. Miaka karibu mia baadaye, mwaka 1963, mwanamke wa mji wa Elmira, jimbo la New York, jina lake Jane Roberts, akaanza kusema kwa ulimi wa roho iliyojiita Seth, na fundisho kubwa la Seth lilikuwa hilo hilo, kwamba kila mtu hujitengenezea uhalisia wake. Sisi Wapemba tukisikia mtu anasemewa na mwingine ndani ya ulimi wake hatushtuki, jina la hali hiyo tunalo. Nakueleza haya ili ujue kuwa ni maneno ya watu, walioyasema mahali fulani kwa sababu zao. Waweza kuyachuja kama unavyochuja tui.

Nami nayachuja hivi. Ukiniambia wazo langu linanitengeneza mimi, ninavyoamka, ninavyosema na watu, ninavyovumilia, nakubali. Ukiniambia wazo langu linaumba mvua, bahari na damu ya mtoto, nakataa kabisa, kwa sababu kuumba kuna Mwenyewe, na kwa sababu nyingine ambayo nimeiona kwa macho: fundisho hilo likikutana na msiba, linamgeukia aliyefiwa. Mwenye heri linamwambia heri yako umeivuta wewe, mgonjwa linamuuliza umewaza nini. Aprili mwaka 1872 kimbunga kiling'oa mikarafuu na minazi ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na ndiyo maana kisiwa changu kikawa cha karafuu mpaka leo. Watu wa Unguja mwaka ule waliwaza vibaya kuliko sisi?

Mwani wako ni hivyo hivyo. Kilimo hiki kilianza hapo kwenu na Paje mwaka 1989, na kotonii, ule wa bei nzuri, miaka ya mwanzo ulikubali. Sasa kaskazi ikituama, maji yakipwa mchana wa jua kali, yale yanayobaki juu ya mchanga yanapata moto, na mwani unachoka, unageuka mweupe, unakatika. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari pale Unguja wamelisema jambo hili la joto miaka mingi. Ule mwingine, spinosamu, bei yake duni lakini unavumilia joto kidogo. Waulize wenzako wanaofunga kamba kwenye maji ya kina wanafanyaje, na bamvua lijalo usiende peke yako.

La shirki nitalisema kwa ufupi kwani si mufti mimi. Kukaa kimya, kushukuru na kuweka nia sioni ubaya wake. Kuamini kuwa akili yako ndiyo inayogawa riziki na maradhi, hapo mama yako ana haki ya kuogopa. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alisema mwenye njaa aliyewekewa chakula akakaa bila kunyoosha mkono, akidai kuwa huko ndiko kumtegemea Mungu, huo ni wazimu. Basi na mwenye mtoto mgonjwa akakaa kuandika tu, mimi naona ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo nyoosha mkono. Mtoto anywe maji mengi kutwa, asiachwe kwenye baridi wala kuroa mvua, alale ndani ya chandarua kila siku bila kukosa. Asidi ya foliki, ile dawa ya kusaidia damu, usiikatishe. Muulize daktari kuhusu penisilini ya kila siku, maana kwa umri wake watoto wa sikoseli hupewa kuwakinga, na muulize pia kuhusu haidroksiyurea, dawa inayopunguza yale maumivu. Akipata homa usingoje kuche, usimpake kitu, mchukue spitali usiku huo huo. Na baba yake naye apimwe, muijue hali yenu kabla ya mimba nyingine.

Mwalimu wako alilia na wewe, na hilo nimelishika. Mwendee. Mwambie swali lile limekukosesha usingizi siku ngapi, zitaje kwa hesabu. Kama ni mwalimu, atakuomba radhi.

Daftari usilichome. Fungua ule ukurasa ulioandika mwanao ni mzima, na chini yake, kwa kalamu ile ile, andika tarehe ya kliniki, saa ya dawa, na namba ya dereva mwenye gari anayekubali kuamshwa usiku.